Papa wa Kilindini Nao Waandikwe Daftarini

Katika safari moja ya kikazi niliyoifanya pwani nilipata nafasi ya kukaa asubuhi nzima katika diko la samaki, karibu na meza ya Bwana Samaki wa mahali hapo. Alikuwa mtu makini. Kila ngalawa ilipoingia alishuka mwenyewe hadi majini, akatazama kilichomo, kisha akarudi mezani na kuandika: changu, tasi, kolekole, nguru, jodari, pweza, kamba. Kila kitoweo kilikuwa na safu yake, uzito wake na bei yake. Walipoletwa papa wa namna nne au tano, ambao hata mimi nisiye mvuvi niliona kwamba hawafanani, aliwapima kwa pamoja na kuandika neno moja tu: papa. Chini ya tenga walibakia samaki wachache wa ajabu ajabu, mmoja wao akiwa na macho makubwa yanayong'aa kama ya paka gizani. Hao aliwatia katika safu ya mwisho, iliyoandikwa "mchanganyiko". Nilipomwuliza sababu, alinijibu bila ya kuona haya, na kwa hakika hakuwa na la kuonea haya: "Mzee, karatasi niliyoletewa haina mahali pengine."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika bahari za dunia wamo papa ambao hawaji mwambani, hawaonekani na waogeleaji, wala hawajapata kumtisha mtu yeyote. Wanaishi kilindini, chini ya mita 200, mahali ambapo mwanga wa jua huishia na maji huwa baridi mwaka mzima. Papa hao wanakwisha. Wengi wao hufa kwa kunaswa na nyavu na mishipi iliyotegwa kwa ajili ya samaki wengine kabisa, na kufa kwao huandikwa kama alivyoandika yule Bwana Samaki, au hakuandikwi popote. Haya mambo mawili yanashikana. Serikali yoyote duniani haiwezi kumlinda mnyama ambaye katika vitabu vyake hayumo.

Mwaka 2024 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliohusu aina 521 za papa, taa na jamaa zao wa vilindini. Waliona kwamba aina 60 zimo katika hatari ya kutoweka, na kwamba idadi ya aina zilizo hatarini iliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya mwaka 1980 na mwaka 2005. Miaka hiyo ndiyo miaka ambayo meli za uvuvi, baada ya kumaliza samaki wa maji mafupi, zilianza kushusha nyavu zao katika miteremko ya bahari. Chombo cha kupima kina kilikuwa kimeboreka, waya na mitambo ya kuvutia vimekuwa na nguvu zaidi, na samaki wa juu wamekuwa adimu.

Hapa yafaa tueleze kwa nini papa wa kilindini hawezi kustahimili uvuvi kama dagaa au vibua wanavyostahimili. Mwalimu wa elimu ya viumbe anajua kwamba samaki wengi hutaga mayai kwa maelfu, hata kwa mamilioni. Ukiwavua kwa kiasi, wale waliobaki hujaza pengo katika misimu michache. Papa hana desturi hiyo, na papa wa kilindini ndiye mzito kuliko wote. Maji ya huko ni baridi, chakula ni haba, na mwili hukua polepole mno. Wako papa wa jamaa ambayo wataalamu huiita Centrophorus, wembamba, wenye urefu usiozidi kimo cha mtu, na macho makubwa ya kijani. Miongoni mwao zimo aina ambazo jike hufikisha miaka ishirini na ushei kabla hajaanza kuzaa. Akisha kuanza, hubeba mimba kwa miaka miwili au zaidi, na mwishowe huleta duniani mtoto mmoja, au wawili. Fikirini mtumishi aliyeajiriwa akiwa kijana, akafanya kazi mpaka akastaafu kwa heshima zote: katika muda huo mzima jike mmoja wa papa hawa hazai watoto wa kujaza darasa dogo la chekechea.

Kaskazini kabisa, katika maji ya Greenland, yuko papa mwingine mkubwa ambaye mwaka 2016 wanasayansi walikadiria kwamba aweza kuishi angalau miaka 272, na kwamba jike lake huanza kuzaa akikaribia miaka 150. Maana yake ni kwamba miongoni mwa papa waliochunguzwa alikuwamo aliyekuwa akiogelea kabla Seyyid Said hajazaliwa. Papa huyo naye leo hii hunaswa na nyavu na mishipi inayotafuta samaki wengine. Mzee wa karne mbili na nusu hupandishwa sitahani, akakatwa kamba na kutupwa, kwa sababu alipita njia iliyotegwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ule wa Australia, kwa kuwa huko waliwahi kuhesabu mapema. Katika miaka ya 1976 na 1977 meli ya utafiti iitwayo Kapala ilikokota wavu katika mteremko wa bahari mbele ya pwani ya New South Wales, na kila kilichonaswa kiliandikwa kwa jina lake. Wakati huo uvuvi wa meli za kukokota katika mteremko huo ulikuwa bado mchanga. Miaka ishirini baadaye, 1996 na 1997, meli ile ile ilirudi mahali pale pale na kukokota kwa namna ile ile. Wale papa wa jamaa ya Centrophorus walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 98. Mahali walipokuwapo papa mia hawakubaki hata wawili. Katika miaka yote hiyo ishirini wao hawakuwa ndio samaki waliowapeleka wavuvi baharini. Zilitafutwa aina nyingine zenye soko, na papa wakaingia wavuni pamoja nazo. Ini likakatwa likipatikana mnunuzi, na visivyonunuliwa vikarudishwa baharini vikiwa vimekufa.

Laiti lisingekuwapo daftari la mwaka 1976, nani angejua? Mvuvi kijana aliyeanza kazi mwaka 1996 angeapa kwamba papa hao ni adimu tangu asili. Ni kwa nguvu ya daftari lile kwamba mwaka 2012 Waaustralia waliweka mpango maalumu wa kuwalinda papa wa mteremko, wakafunga sehemu za bahari zisivuliwe, na mwaka 2013 wakaziingiza aina mbili katika orodha ya sheria yao ya hifadhi. Lengo lao ni la unyenyekevu: kurudisha robo tu ya idadi iliyokuwapo zamani. Hata hiyo robo inatazamiwa kuchukua miongo mingi, na wengi wa walioandika mpango huo hawatakuwapo kuiona.

Nchi za Ulaya zilichelewa zaidi, na somo lao ni la namna nyingine. Katika miaka ya 1990 meli zao zilivua papa wa vilindini katika Atlantiki ya kaskazini mashariki na kuwauza kwa nyama na kwa mafuta ya ini. Ilipofika mwaka 2010 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba kiwango kilichoruhusiwa kuvuliwa kiliteremshwa hadi sifuri. Karatasi ikasema sifuri. Lakini mishipi mirefu inayotafuta samaki mweusi wa kilindini, yule apendwaye sana Ureno na Madeira, iliendelea kushuka kule kule wanakoishi papa, na ndoana haisomi tangazo la serikali. Ukikataza kuuza, hujakataza kufa. Kilichofanya kazi ya kweli zaidi ni uamuzi wa mwaka 2016 wa kuzipiga marufuku meli za kukokota nyavu chini ya mita 800 katika maji ya Umoja wa Ulaya, kwa sababu amri hiyo ilihusu mahali wavu unapokwenda, haikuhusu samaki gani anayetarajiwa kuingia. Papa wa kilindini akishapandishwa na wavu wa kukokota, akiwa amepondwa katikati ya shehena, kumrudisha majini ni kumzika tu.

Najua liko swali ambalo wasomaji wengi wameanza kuliuliza, na ni swali la haki. Nchi yetu ina watoto wanaohitaji kitoweo. Ina vijana wa pwani wanaohitaji kazi. Ina eneo la bahari kuu ambalo kwa muda mrefu limewanufaisha wageni kuliko wenyeji. Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko liliwekwa mwaka 2023, na jambo hilo lilitufurahisha sote. Je, katika hali hiyo ni busara kupoteza wino kwa ajili ya papa wa gizani ambaye mama lishe hamjui?

Nami najibu hivi. Thamani ya papa huyu sokoni haimo katika kitoweo. Ng'onda wa papa tunayemla kwa tui la nazi hutoka maji ya juu. Thamani ya papa wa kilindini imo katika ini lake, ambalo laweza kufika robo ya uzito wa mwili mzima, kwa kuwa papa hana kibofu cha hewa na mafuta ya ini ndiyo yanayomwezesha kuelea. Sisi watu wa pwani tunayajua mafuta ya papa tangu kale. Nilipokuwa mtoto, majahazi yaliyopandishwa ufukweni yalipakwa deheni chini na sifa juu, na harufu ya sifa ilikaa katika nguo zetu mpaka mama akatufukuza tusiingie ndani. Lakini sifa ile ilitoka kwa papa wachache waliovuliwa na kuliwa. Mafuta yanayotafutwa leo ni ya soko la mbali: yanatiwa katika vipodozi vya kulainisha ngozi, na kwa kiasi kidogo katika baadhi ya chanjo. Kuhusu chanjo sina ugomvi na mtu. Kuhusu vipodozi, mafuta ya namna hiyo hiyo yanapatikana katika zeituni na katika miwa, na sioni kwa nini samaki wa karne nzima auawe ili uso wa mtu ung'ae kwa jioni moja.

Tena jirani zetu wa Bahari ya Hindi walikwisha kuijaribu biashara hiyo. Visiwa vya Maldivi vilianza kuwavua papa hao kwa ajili ya mafuta mnamo mwaka 1980. Hapo walitafutwa kwa makusudi, hawakunaswa kwa bahati mbaya, na mavuno yalipanda haraka kisha yakaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hapakuwa tena na uvuvi wa kutajika. Mwaka 2010 papa wote wakapigwa marufuku. Mwaka 2025 ikatangazwa nia ya kuwavua tena papa wale wa kilindini, na mwaka huo huo mkutano wa mataifa uliofanyika Samarkand, nchini Uzbekistan, ukawaingiza katika orodha ya viumbe ambao biashara yao kati ya nchi na nchi lazima iwe na kibali. Uamuzi mzuri, lakini kibali cha biashara kinamhusu papa aliyekwisha kufa na kufika forodhani. Yule aliyetupwa baharini usiku hana forodha.

Wala tusidhani kwamba vilindi viko mbali nasi. Katika sehemu kadhaa za pwani yetu sakafu ya bahari huteremka ghafla karibu na nchi kavu, na Tanga ni mojawapo. Mwaka 2003 alitambuliwa nchini silikanti wa kwanza, samaki ambaye jamaa yake ilidhaniwa duniani kote, hadi mwaka 1938, kuwa ilikwisha tangu zama za mijusi wakubwa. Tangu hapo walinaswa makumi, wengi wao Tanga. Walinaswa na nini? Walinaswa na jarife, wavu wa macho makubwa unaotegwa usiku kwa ajili ya papa! Wavuvi walikuwa wameanza kulishusha jarife kina kirefu zaidi, maana maji mafupi hayakuwa yakiwapa riziki ya kutosha. Hawakuwa na nia mbaya kwa samaki wasiyemfahamu. Kwa sababu silikanti ana sura ya ajabu na habari yake ilienea ulimwenguni, aliandikwa, akapigwa picha, akahesabiwa mmoja mmoja, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Papa wa kilindini anayeishi katika mteremko huo huo hakuwahi kupata mpiga picha.

Habari ya papa mmoja wa maji yetu inaeleza jambo hili kuliko maneno yangu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 meli ya utafiti ya Kisovieti, Vityaz, ilipita mbele ya Tanzania na Msumbiji na kukokota wavu katika kina cha karibu mita 500. Wakapatikana papa wadogo, wembamba wa kichwa, wakatiwa katika chupa za dawa na hatimaye wakahifadhiwa Ulaya. Walikaa katika chupa hizo kwa zaidi ya robo ya karne. Ilikuwa mwaka 2015 ndipo walipochunguzwa na kupewa jina la kisayansi, Bythaelurus tenuicephalus. Muungano uliwaona marais watatu wakipokezana madaraka na wa nne akikaribia kuyapokea, na papa huyo wa mbele ya mlango wetu alikuwa bado ni samaki asiye na jina katika chupa ya ugenini.

Basi tufanye nini? Bahati yetu, na hili nalisema kwa uzito, ni kwamba bado hatujaharibu. Leseni za bahari kuu zinazotolewa katika maji yetu kwa sehemu kubwa zinahusu jodari na jamaa zake, ambao huvuliwa karibu na juu; mteremko wetu haujasuguliwa na nyavu nzito kama ulivyosuguliwa wa New South Wales. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, na kwa mara hii methali inamhusu samaki mwenyewe. Tunayo Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, ambayo ni chombo cha Muungano, na tunayo sheria ya mwaka 2020 inayoiongoza. Ingekuwa rahisi leo kuweka sharti kwamba hapana wavu wa kukokota utakaoshushwa chini ya kina fulani katika maji ya Tanzania, kuliko kuliweka sharti hilo baada ya meli kununuliwa, mabaharia kuajiriwa na mikopo ya benki kuanza kudaiwa. Wakati huo kila atakayetaja papa ataambiwa kuwa anataka kuwanyang'anya watu ajira, na huenda ikawa kweli.

Yafaa pia kila meli itakayopewa leseni impokee mwangalizi, na mwangalizi huyo afundishwe kuwatambua papa kwa aina zao. Afisa atakayeona kwamba hilo ni jambo dogo akumbuke kwamba mpango wote wa Australia ulisimama juu ya orodha iliyoandikwa na watu wachache waliolowa mvua katika meli moja.

Kwa walimu ninalo ombi la pekee. Shule nyingi za pwani zina wanafunzi ambao baba zao na babu zao ni wavuvi. Watumeni watoto hao wakaulize majumbani: samaki huyu mwenye macho ya kijani mnamwitaje, hupatikana pima ngapi, na je, zamani walikuwa wengi kuliko sasa? Majibu yakiletwa yaandikwe katika daftari moja la shule na tarehe zake. Kiswahili chetu kimewapa majina samaki wa mwambani kwa ukarimu mkubwa, hata changu peke yake ana majina ya kumchosha mgeni. Majina ya kilindini yakikusanywa leo, Bwana Samaki atakuwa na neno la kuandika.

Nilipoagana na yule afisa wa dikoni nilimwuliza, kama angepewa ruhusa ya kuongeza safu katika karatasi yake, angeongeza zipi. Alifikiri kidogo, akaigeuza karatasi na kuchora kwa rula nyuma yake safu tatu: jina la papa, kina alichonaswa, na kama alikuwa hai au amekufa. Kisha akaniomba niichukue niwapelekee wakubwa. Ninayo mezani pangu hadi leo, na nakala yake nimekwisha kuituma.